Sequoyah na Mtu Mrefu

Hebu fikiria, msomaji mpenzi: mtu asiyejua kusoma hata neno moja anawatungia watu wake maandishi! Sequoyah, Mcherokee wa Marekani, alifanya hivyo.

Alizaliwa yapata mwaka 1770 katika kijiji cha Tuskegee, kando ya mto Little Tennessee. Wazee wa Kicherokee walisimulia kuwa mto ni Mtu Mrefu. Kichwa chake kiko milimani, miguu yake iko mabondeni, naye husema na wanaojua kumsikiliza.

Sequoyah alichechemea mguu mmoja, na kazi yake ilikuwa usonara. Alipowaona wazungu wakisomeana karatasi, akaanza kuchora alama zake. Yasemekana watu walimcheka, wengine wakanong'ona kuwa ni mchawi. Wapi! Hakuacha. Kufikia 1821 alikuwa na alama 86, karibu kila moja silabi nzima, kama ba, be, bi zetu za darasa la kwanza. Aliyemfundisha mwanzo ni binti yake mdogo, Ayoka. Mwaka 1828 gazeti la Cherokee Phoenix likaanza kuchapishwa.

Mwaka 1838 serikali iliwafukuza Wacherokee kwao. Maelfu wakafa njiani. Sequoyah, aliyekuwa amehamia magharibi mapema, alifia Mexico mwaka 1843 akiwatafuta ndugu waliotawanyika.

Kijiji chake? Kilifunikwa na maji ya bwawa la Tellico mwaka 1979. Lakini waganga waliobaki milimani walikuwa wameshaandika dua za Mtu Mrefu madaftarini, kwa alama zile zile za Sequoyah, na mpaka leo zinasomeka.