Tolkien: yatima aliyeandikia watoto na wazazi pamoja

Wandugu, wazazi wengi mu kambi wanatuuliza kitabu gani cha hadithi za ajabu mutoto anaweza kusoma, na baba naye akitoka ku poste akipende. Jibu letu ni vitabu vya John Ronald Reuel Tolkien. Maisha yake njo yanaonyesha sababu.

Alizaliwa huku Afrika, ku Bloemfontein mu Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Wazazi walikuwa Waingereza, baba akiwa mukubwa wa benki. Mutoto alipofikisha miaka 3, mama alimurudisha Uingereza pamoja na mudogo wake. Baba alibakia ku kazi, akafa mu 1896 mbele ya kuwafuata. Mama njo aliwafundisha kusoma mu nyumba, hata Kilatini. Mu 1904 mama naye alikufa na ugonjwa wa sukari, mutoto akiwa na miaka 12. Padri mumoja, Francis Morgan, njo alilipia masomo na kuwalea.

Mu 1916 alipelekwa mu vita ya Somme, Ufaransa. Askari wengi aliokuwa nao walikuwa wachimbaji na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire. Chawa wa mahandaki walimuletea homa, akarudishwa. Warafiki wake wawili wa masomo hawakurudi.

Kisha vita, alikuwa profesa ku Oxford tangu 1925. Alikuwa na watoto 4, na magaribi aliwasimulia hadithi. Ni vile Le Hobbit ilizaliwa. Mwenye kuchapisha alimupa kwanza mutoto wake wa miaka 10 aisome. Mutoto aliandika maoni yake, akalipwa shilingi moja, na mu 1937 kitabu kilitoka. Sisi wa sendika tunapenda hiyo: aliyefanya kazi alilipwa.

Mu kile kitabu, Bilbo, mutu mufupi anayependa kukaa nyumbani, anafuata wafupi 13 wenye ndevu, mafundi wa kuchimba. Wanaenda kukomboa mali ambayo joka kubwa limeilalia. Mbele ya kutoka, wanamupa kontra: fungu moja ku 14 ya faida, makuta ya safari, na gharama ya maziko kama akifa. Mutoto anacheka. Baba anayeshuka mu shimo kila siku, hacheki sana.

Mu 1954 na 1955 alitoa Le Seigneur des anneaux, mu vitabu 3. Mule muko Moria, mugodi mukubwa wa wale wafupi. Walifuata madini ya bei kali, wakachimba paka chini, mupaka wakaamusha kitu kibaya kilichowafukuza. Mutoto anaona shetani ya moto. Baba anaona wakubwa walioongeza tani bila kuangalia usalama.

Tolkien alikufa tarehe 2 Septemba 1973, na miaka 81. Vitabu vyote viwili viko mu Kifaransa. Anza na Le Hobbit, ni kifupi. Kile kingine mungojeshe mutoto akomae kidogo. Kama makuta ni kidogo, nyumba tatu zinunue kimoja, kizunguke. Mutoto asome kwa sauti, baba asikilize. Kisha, amwambie mutoto ile kontra yake yeye inasema nini.