Sir John Kirk na Kima Punju

Watu wengi hulijua jina la Sir John Kirk kwa sababu ya soko la watumwa la Unguja. Yeye ndiye balozi wa Kiingereza aliyemhimiza Seyyid Barghash hata akatia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko lile likafungwa. Lakini alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda tangu ujana wake, nayo ni kuchunguza mimea na wanyama.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, na baba yake alikuwa kasisi. Alisoma udaktari katika mji wa Edinburgh, na pamoja na udaktari akajifunza ilimu ya mimea. Mwaka 1858 alifuatana na Dokta Livingstone kwenda mto Zambezi. Kila alipofika alichuma majani na maua, akayakausha, akaandika mahali yalipoota. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa. Mwenyewe aliokoka, lakini maandishi yake na picha za mimea alizozichora vikachukuliwa na maji. Kazi ya siku nyingi ikapotea kwa dakika chache. Hata hivyo hakukata tamaa, akaanza tena.

Mwaka 1866 alikuja Unguja, kwanza kuwa daktari wa ubalozi, na baadaye akawa balozi mwenyewe. Akakaa huko miaka ishirini. Mbweni ya Unguja alifanya bustani kubwa. Alikusanya mimea ya kisiwani na ya mrima, hata ya Dar es Salaam, akaipeleka kwenye bustani ya Kew karibu na London, ili wataalamu waitazame na kuipa majina. Digidigi ana jina la Kirk katika vitabu vya wataalamu.

Katika misitu ya Unguja aliona kima mmoja wa ajabu. Mgongo wake ni mwekundu, mabega na mikono ni meusi, tumbo ni jeupe, na nywele nyeupe huuzunguka uso wake. Mkononi hana kidole gumba. Wenyeji walimwita kima punju, yaani kima wa sumu. Kirk akapeleka mmoja London, na mwaka 1868 mtaalamu aliyeitwa Gray akamwandika na kumpa jina la Kirk. Kima huyu hapatikani bara, wala katika nchi nyingine yoyote. Asili yake ni Unguja na vijisiwa vilivyo karibu nayo tu.

Lakini misitu ilikuwa ikikatwa, na kima wakazidi kupungua. Harry Johnston, aliyepita Unguja mwaka 1884 akienda Kilimanjaro, alisimulia habari hii katika kitabu chake. Palikuwa na uvumi kwamba kima punju wamebaki katika msitu mmoja tu. Kirk akawatuma wawindaji wake waende wakatazame kama ni kweli. Baada ya juma moja wakarudi kwa furaha. Kirk akawauliza kama wamewaona. Wakajibu kwamba wamewaona, na kwamba wamewaua wote; wakabwaga sakafuni mizoga kumi na miwili. Johnston akadhani kwamba kima punju wamekwisha duniani.

Wawindaji wale hawakuwa wabaya. Katika siku zile mtu aliyetaka kumjua mnyama alimpiga bunduki, akaitunza ngozi yake. Nao walifanya kama walivyozoea. Lakini ngozi haizai.

Kwa bahati njema Johnston alikosea. Kima wengine walikuwa wamesalia, hasa katika msitu wa Jozani. Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886, akafa Uingereza mwaka 1922, naye ni mzee wa miaka 89. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikafanywa hifadhi ya taifa. Baadaye watu walitembea msitu kwa msitu, wakahesabu kila kundi pasipo kuua hata mmoja, wakaandika mahali walipowaona. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 2017: kima karibu 5,800. Walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini iko misitu ambamo walikuwa wamekwisha kabisa.

Hesabu ya namna hii ina faida kubwa. Fedha na askari wa kulinda misitu havitoshi mahali pote, basi ni lazima kujua pa kuanzia. Mnyama aliyeenea nchi nyingi akitoweka katika msitu mmoja, aweza kupatikana kwingine. Kima punju akitoweka Unguja, hakuna mahali pa kwenda kumchukua, ila wale wachache waliopelekwa Pemba mwaka 1974. Kwa hiyo msitu wenye kiumbe asiyepatikana penginepo hustahili kulindwa kwanza, hata ukiwa mdogo.

Maandishi ya Kirk yalipozama, aliweza kuandika mengine. Kiumbe akipotea, hapana awezaye kumwandika upya.