Vavilov: Aliweka Akiba ya Mbegu, Akafa kwa Njaa

Zile njugu tunazonunua pale feri Likoni hazifanani. Kuna za punje ndogo nyekundu, na kuna nene zilizopauka. Kwetu ni kitu kidogo, lakini kuna mtu aliyetoa maisha yake kwa ajili ya tofauti kama hizo: Nikolai Vavilov.

Alizaliwa Moscow mwaka 1887, mtoto wa mfanyabiashara. Urusi ilipigwa na njaa mara kwa mara, naye akasomea kilimo ili aitafutie njaa dawa ndani ya mbegu. Mimi nilisomea biashara, na hesabu yake naielewa. Mmea mmoja wa njugu unazaa maganda mengi, lakini punje ni nyepesi. Mwingine punje ni nzito, lakini unachelewa kukomaa. Mvua ikikatika, hasara. Mwingine haushikwi na ugonjwa. Anayezalisha mbegu bora anaziunganisha sifa hizo. Ukibaki na aina moja tu, huna cha kuunganisha, na ugonjwa ukiingia unafagia shamba zima.

Basi Vavilov akasafiri mabara matano akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alikuwa hapa jirani, Ethiopia, akizunguka na msafara wake kutafuta ngano za wakulima. Alipokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Haile Selassie. Yusufu kule Misri aliweka akiba ya chakula. Vavilov aliweka akiba ya mbegu, katika ghala kubwa mjini Leningrad.

Shida ilitoka nyumbani. Trofim Lysenko, kipenzi cha Stalin, aliahidi mavuno ya haraka huku akiipinga elimu ya urithi. Vavilov hakukubali kuukana ukweli. Alikamatwa mwaka 1940, na Januari 1943 akafa kwa njaa katika gereza la Saratov, akiwa na miaka 55.

Wakati huo majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameizingira Leningrad. Wenzake walilinda ghala lenye mchele na njugu, wala hawakula. Kadhaa walikufa. Alexander Shchukin, aliyetunza mbegu za njugu, alifia mezani pake.

Je, walijisumbua bure? Mwaka 1952 ugonjwa wa rozeti uliangamiza njugu za watafiti kule Senegal. Zilizosimama zilikuwa chache, mbegu za wakulima wa kawaida kutoka mpaka wa nchi tunazoziita leo Burkina Faso na Kodivaa. Kutokana na hizo zikazalishwa aina zinazostahimili rozeti Afrika. Yaani, Vavilov alisema kweli.

Mpendwa mwenye shamba Kwale au Kilifi, mbegu mpya ya dukani ipande, ni sawa. Lakini ile ya mama yako usiimalize yote kwa kukaanga. Bakisha kibaba kimoja, na msimu ujao ukipande kando. Huenda ndicho kitakachosimama.