Ibn Khaldun, Mwanachuoni Aliyezijua Kambi za Askari

Miongoni mwa wanachuoni wa Kiislamu wa zama za kati, ni wachache walioziishi kambi za askari kama Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi, tauni iliwaua wazazi wake na walimu wake wengi. Akaingia katika utumishi wa masultani wa Afrika ya Kaskazini. Huko Fez alifungwa karibu miaka miwili kwa kushukiwa kula njama. Alipoachiwa, alikusanya kodi katika makabila ya milimani na kuwavuta wapanda farasi wa jangwani wajiunge na jeshi la sultani huyu, kisha la adui yake. Hatuna budi kukiri kwamba utii wake ulihamahama, na katika hilo hafai kuigwa na askari yeyote.

Mwaka 1375 alijitenga ngomeni katika nchi ambayo leo ni Aljeria, na mwaka 1377 akaandika Muqaddimah, kitabu kilichomtukuza. Aliuliza kwa nini watu wachache wenye njaa huishinda dola yenye hazina na majeshi. Jibu lake lilikuwa asabiya, yaani mshikamano wa watu walio tayari kufa pamoja. Watu hao wakishatawala, watoto wao huzoea starehe na wajukuu husahau taabu. Mtawala hukodi askari wageni, kodi hupanda ili walipwe, watu huvunjika moyo wa kufanya kazi, na hazina hukauka.

Ushahidi wake aliutoa vitani. Wenyeji wa Afrika ya Kaskazini walipigana kwa kushambulia na kurudi nyuma. Kwa hiyo wafalme wao walikodi Wazungu Wakristo, waliozoea kusimama imara safu kwa safu. Lakini hawakuthubutu kuwapeleka kupigana na Wakristo wenzao, wakihofu wangegeuka. Hapo ndipo fedha ilipogota.

Polisi nao hakuwasahau. Alieleza kwamba katika dola ya Waumaya wa Andalus, yaani Hispania, polisi waligawanywa sehemu mbili. Polisi ndogo ilishughulika na watu wa kawaida tu. Polisi kubwa iliweza kuwashika hata wakubwa wa serikali na jamaa zao walipodhulumu.

Mwaka 1382 alihamia Misri. Mkewe na watoto wake walipokuwa njiani kumfuata, chombo chao kilizama mwaka 1384. Akiwa kadhi Cairo, aliwakasirisha wengi kwa kukataa upendeleo. Akawa anaachishwa na kurudishwa, hata akashika cheo hicho mara sita. Mwaka 1401 Timur alipouzingira mji wa Damascus, mzee huyu wa miaka 68 aliteremshwa ukutani kwa kamba, akaenda kuzungumza na mshindi huyo hemani. Alifariki Cairo mwaka 1406.

Katika karne ya 17, wanachuoni wa dola ya Uturuki walimsoma ili waelewe udhaifu wa dola yao. Kitabu chake kilipigwa chapa Paris mwaka 1858, na leo wengi humhesabu kuwa mtangulizi wa elimu ya jamii. Hata Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja mwaka 1981 akitetea kupunguza kodi, ingawa yaliyoandikwa humo juu ya starehe za watawala hunukuliwa mara chache zaidi na wenye madaraka.