Christopher Marlowe: Mwana wa Mshona Viatu na Tamthilia ya Edward wa Pili

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili humfahamu William Shakespeare mapema, hasa kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, yaani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Ni nadra akutane na Christopher Marlowe, ilhali wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, 1564, na Marlowe ndiye aliyetangulia kupata sifa jukwaani. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuyaelekeza kwenye tamthilia yake moja, Edward wa Pili, inayohusu mapenzi ya mfalme kwa mwanamume mwenzake. Tamthilia hiyo humtega mhakiki yeyote apendaye kumsaka mtunzi ndani ya kazi yake.

Marlowe alibatizwa mjini Canterbury tarehe 26 Februari 1564. Babake, John, alikuwa mshona viatu. Kijana alipata ufadhili wa masomo, kwanza katika shule ya King's mjini humo, kisha katika chuo cha Corpus Christi, Cambridge, alikohitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1584. Alipokaribia kutunukiwa shahada ya uzamili, ulizuka uvumi kwamba alikusudia kuhamia Reims, Ufaransa, kwenye kituo cha Wakatoliki waliompinga Malkia Elizabeth. Mnamo Juni 1587 Baraza la Malkia likaingilia kati, likieleza kuwa kijana huyo alikuwa ameitumikia dola vyema na asinyimwe shahada yake. Utumishi wenyewe haukutajwa. Wanahistoria wengi huamini kuwa ulikuwa ujasusi. Waama, ni wanafunzi wachache wa uzamili waliowahi kuombewa shahada na serikali nzima!

Jijini London tamthilia zake, zikiwemo Tamburlaine na Daktari Faustus, zilimpa jina haraka. Misukosuko nayo haikumpa kisogo. Mwaka wa 1589 alitiwa korokoroni baada ya ugomvi wa panga ambamo rafikiye, mshairi Thomas Watson, aliua mtu. Mwaka wa 1592 alikamatwa Vlissingen, Uholanzi, kwa tuhuma za kughushi sarafu. Aliyemshtaki ni Richard Baines, jasusi aliyekuwa akilala naye chumba kimoja.

Yamkini ni katika kipindi hichohicho ambapo aliandika Edward wa Pili. Mfalme mpya anamrejesha kutoka Ufaransa kipenzi chake, Gaveston, aliyekuwa amefukuzwa nchini na mfalme marehemu. Anamrundikia vyeo, anamsahau Malkia Isabella, na makabaila wanahamaki. Gaveston anauawa. Hatimaye Isabella na mpenzi wake Mortimer wanamng'oa mfalme madarakani na kumtupa shimoni, anakosimama siku kumi katika uchafu. Anapoletewa muuaji, Edward anampa kito cha mwisho alichobaki nacho. Mtazamaji aliyemchukia mfalme mzembe wa matendo ya mwanzo hujikuta sasa akimhurumia, wala mtunzi hamwambii ni wapi alipogeuka.

Katika onyesho moja la mapema, Mortimer mkubwa anamtuliza mpwawe kwa kumkumbusha kwamba hata mashujaa kama Alexander na Hercules walikuwa na vipenzi vyao wa kiume. Mortimer mdogo anajibu kwamba si mapenzi hayo yanayomkera, bali ni kuona mtu wa nasaba duni akivishwa utajiri wa nchi. Ifahamike kwamba Gaveston wa historia, aliyeuawa mwaka wa 1312, hakuwa mtu duni; babake alikuwa kabaila wa Gascony. Ni Marlowe aliyemshusha daraja. Kwa mabadiliko hayo, mapenzi ya wanaume wawili yanaingia moja kwa moja katika swali la tabaka: ni nani anayeruhusiwa kupendwa na mkubwa, na kwa gharama ya nani? Mwana wa mshona viatu aliyesomeshwa kwa ufadhili miongoni mwa watoto wa wakwasi hakulijua swali hilo vitabuni tu.

Mnamo Mei 1593 mtunzi mwenzake, Thomas Kyd, alikamatwa na karatasi za uzushi wa kidini. Baada ya kuteswa, alidai kuwa zilikuwa za Marlowe. Baines naye akawasilisha waraka uliojaa maneno ya kukufuru na ya mzaha kuhusu mapenzi ya wanaume, akidai kuyasikia kinywani mwa Marlowe. Tarehe 30 Mei, katika nyumba ya Eleanor Bull huko Deptford, Marlowe alichomwa kisu juu ya jicho la kulia na Ingram Frizer. Alikuwa na umri wa miaka 29. Uchunguzi ulieleza kuwa waligombania malipo ya chakula. Frizer akasamehewa kabla ya mwezi kwisha. Ripoti yenyewe ilisahaulika makavazini hadi mtafiti Leslie Hotson alipoifichua mwaka wa 1925.

Wahakiki aghalabu huuchukua waraka wa Baines na kuutumia kama ufunguo wa tamthilia: kwa kuwa mtunzi alikuwa hivi, basi Edward ni yeye. Binafsi siuoni uhalali wake. Shahidi mmoja ni jasusi aliyekuwa hasimu wake, mwingine alitoka mikononi mwa watesaji. Wala siungi mkono wanaoutupilia mbali waraka huo ili waseme kuwa Edward na Gaveston ni marafiki tu. Maneno ya Edward kwa Gaveston ni ya mpenzi, na Isabella anayasikia hivyo. Anayemtaka Marlowe na amtafute pale alipoibadilisha historia kwa mkono wake.

Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas, Deptford, katika kaburi lisilo na alama. Tarehe 6 Julai 1593, wiki tano baadaye, Edward wa Pili iliandikishwa London tayari kuchapishwa.