Kutapika kulikommaliza Charlotte Brontë

Januari 1855, katika mji mdogo wa Haworth, kaskazini mwa Uingereza, mwandishi Charlotte Brontë alianza kutapika. Alikuwa na miaka 38, na ndoa yake haijatimiza hata mwaka.

Binti huyu wa kasisi alizaliwa 1816, akafiwa na mama akiwa na miaka mitano. Riwaya yake, Jane Eyre, ilitoka 1847 kwa jina la bandia, Currer Bell. Halafu wadogo zake watatu, Branwell, Emily na Anne, wakafariki ndani ya mwaka mmoja. Juni 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, msaidizi wa baba yake kanisani.

Ujauzito ulipoingia, chakula hakikukaa tumboni. Daktari aliyeitwa aliona ni hali ya kawaida, avumilie, itapita. Haikupita. Alifariki 31 Machi. Hati ya kifo iliandikwa kifua kikuu, lakini madaktari wengi waliosoma habari zake baadaye wanaona kutapika kupita kiasi kwa ujauzito. Wapo wanaobisha, na mwili wake haukupimwa.

Mtaani bado tunasikia kuwa mama kama huyo anadeka, au mimba imemkataa mume. Utafiti uliotolewa 2023 unaonyesha kingine. Seli za kondo la nyuma humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo GDF15. Protini hii ni mjumbe: hufika sehemu ya chini ya ubongo na kuamsha kichefuchefu. Ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo hulemewa inapopanda ghafla. Wenye thalasemia, ambao miili yao imeizoea kwa wingi, mara nyingi hawasumbuki sana.

Brontë hakuwa na dripu wala dawa za kuzuia kutapika, leo zipo. Mjamzito ambaye maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa mweusi au haupatikani kwa saa nane, anapungua uzito au anaona kizunguzungu akisimama, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kama ametapika kwa wiki kadhaa, mwambieni mhudumu mapema, kwa sababu anahitaji vitamini B1 kabla ya dripu yenye sukari. Bila hiyo, sukari inaweza kuudhuru ubongo.