Mwana Kupona, Mama wa Mwana Hashima

Mimi nimelelewa na nyanyangu katika Mji wa Kale wa Mombasa, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa nimekwisha kulisikia jina la Mwana Kupona binti Mshamu. Nyanya, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa na kitabu cha utenzi ule. Alikuwa nao kifuani. Kila harusi ilipokaribia, biharusi aliketishwa mkekani, naye nyanya akamsomea kwa mahadhi mpaka mwisho.

Mwaka mmoja alikataliwa. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza masomo, alisema hataki kusomewa maneno ya kumfanya mtumwa wa mume. Nyumba nzima kimya. Nyanya hakugomba. Alimwuliza tu kama anajua mtungaji alikuwa katika hali gani siku alipotunga. Dada hakujua. Wala mimi sikujua, na tangu siku ile nimekuwa nikizitafuta habari za bibi huyu.

Alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na mbao, na kwa wanachuoni walionakili misahafu. Msomaji asidhani kwamba maisha yake yalikuwa ya kukaa ndani akijipepea. Bwana Mataka ndiye aliyekataa Seyyid Said wa Unguja aitawale Siyu. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalivuka bahari, yakashuka Pate, yakapigwa, hata amiri wao akauawa huko. Binti yao, Mwana Hashima, alizaliwa mnamo 1841. Basi mtoto huyo alijifunza kusema wakati mji uko vitani.

Kisha Bwana Mataka akafariki, akamwachia mkewe watoto wawili, binti na mwana. Katika utenzi mjane huyu asimulia kwamba mumewe alikufa akiwa radhi naye, na kwamba yeye hajaacha kulia kila akumbukapo mazoea yao. Hapo ndipo sauti ya nyanya ilipokuwa ikikatika, maana naye alifiwa mapema.

Mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, Mwana Kupona alikuwa ameugua mwaka mzima. Mwana Hashima alikuwa na miaka 17 hivi, umri wa kuposwa, na mama akaona huenda harusi hiyo asiione. Akamwita aje akae karibu, na wino na karatasi. Beti 102 zilizotoka hapo ndizo hizo.

Mambo ya mume yamo, tena mengi, sitayaficha. Mke aombe ruhusa kabla ya kutoka, amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena. Wako wasioyakubali hayo, na sababu wanazo. Lakini mama huyo atanguliza Mungu na Mtume, kisha baba na mama, ndipo amtaje mume. Afunza uchangamfu wa maneno na usafi wa nyumba, hata wa choo. Mwishoni awaombea wanawe na ndugu zake, ajiombea na yeye apoe, kisha awageukia wanawake wote awaambia wausome na kuufahamu. Mtu anayesema hivyo ajua kwamba wanawake wenzake husoma.

Dada alikubali kusomewa mwanzo na mwisho. Katikati nyanya akaruka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka, na sikumsikia akiruka tena.

Mwana Kupona hakuishi miaka mingi baada ya kutunga. Katika miaka hiyo ya 1860 Siyu nayo ikaangukia mikononi mwa Sultani Majid. Lakini binti alibaki. Mwana Hashima, ambaye naye alikuwa mtunzi, aliishi mpaka 1933, akiwa amepita miaka 90. Mwaka uliofuata Alice Werner na William Hichens wakautoa utenzi huo kuwa kitabu huko Uingereza. Kwa wanawake wa Lamu haikuwa habari mpya. Wao walikuwa wakiunakili na kuuhifadhi kwa miaka zaidi ya 70, tangu msichana yule alipoleta wino na karatasi kando ya kitanda cha mamake.